Mshono wa Begani

3 Februari

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie huko kambini, na kama zimechelewa, lilaumu lori la mboga linalobeba barua zenu, usinilaumu mimi. Sisi tuko wazima. Mgongo wangu unalalamika kama kawaida yake, cherehani inalalamika zaidi, lakini kazi zinakwenda. Fundi wa bati alikuja, akapanda juu ya paa, akateremka, akasema kazi imeisha, na mvua ya juzi ikamsuta. Ndoo nimeirudisha pale pale ilipokuwa. Asante sana kwa taa uliyotuma. Sasa natunga uzi kwenye sindano bila kuwakunjia watu uso.

Binti yako Kibiriti hajambo. Amerefuka, magauni ya mwaka jana yamekuwa blauzi. Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu simu ya hapa unaijua, iko sebuleni, na mwanao masikio yake yako kila chumba.

Mkuu wa shule aliniita. Tulia, hajampiga mtu! Najua umeshashika kichwa. Tangu wampokee kwa lile sharti lao, kwamba akipigana hata mara moja anaondoka, hajamgusa mtu. Tatizo ndilo hilo, hagusi na hagusiki. Anakaa dawati la mwisho peke yake. Ukimwekea mkono begani anaruka kama aliyemwagiwa maji ya moto. Nywele hataki nimsuke, anazikata mwenyewe kwa mkasi wangu wa kitambaa, mkasi ambao hata wewe hukuwahi kuruhusiwa kuugusa. Tangu tumzike mama yake, wifi yangu, yuko hivyo, na wewe unajua.

Sasa amekuja mwalimu mpya wa michezo, mwanamke mfupi mwenye shingo nene na sauti ya mtu anayembembeleza mtoto alale. Ameanzisha judo pale shuleni. Baada ya masomo wanasukuma meza za ukumbi wa chakula ukutani, wanatandika magodoro, wanaangushana. Amemwomba Kibiriti ajiunge. Wazazi wengine wananong'ona kwamba shule inafuga wahuni. Mimi sijui niseme nini, hasa kwa kuwa kazi ya kushona makoti yao wamenipa mimi. Wewe ndiye baba. Niambie.

Nakuombea heri, mdogo wangu, na usivue miwani yako ya kuchomelea ati kwa sababu joto limezidi.

Dada yako

26 Februari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeipata ikiwa imelowa, inanuka vitunguu, lakini inasomeka. Huku tuko salama. Tumeletewa mpishi mpya ambaye hatujamwelewa bado. Nimehamishiwa chumba kimoja na mwendesha kreni, mtu mwema sana akiwa macho. Akilala anakoroma mpaka bati linaitikia. Nashukuru kwa kila unachomfanyia mtoto. Sisemi mara nyingi, lakini nashukuru.

Kuhusu judo, jibu langu ni hapana.

Wewe hukuwepo siku nilipoitwa kwenye shule ile ya kwanza. Mimi nilikuwepo. Nililiona jino la mtoto wa watu likiwa limefungwa kwenye karatasi, na mama yake akinitazama. Sasa mtoto mwenye mkono mwepesi namna ile tumpeleke kufundishwa kuangusha watu? Si ni kumwaga petroli? Shule hii ikimfukuza, hakuna nyingine itakayompokea, na hilo tulilisema wote wawili tukiwa tumekaa kwenye meza yako ya kukatia nguo.

Mkuu wangu wa kazi ana binti katika shule ya bweni. Ina geti, ina ratiba, ina sheria. Nikisikia Kibiriti ameingia darasa hilo la kuangushana, nitampeleka huko, na nitakuwa nimekupunguzia mzigo.

Kuhusu likizo, bado hawajapanga.

Mwambie namsalimu. Usimwambie nimekataa, mwambie tu namsalimu.

Mdogo wako

2 Aprili

Mdogo wangu,

Habari za siku nyingi. Nimechelewa kujibu. Kwanza mvua, kisha mafua, kisha kila mzazi akakumbuka sare siku moja. Yote hayo ni kweli, kwa hiyo usianze kuyachunguza. Mpe pole mwendesha kreni, pengine na yeye anamwandikia dada yake kwamba wewe unaongea usingizini. Unaongea, nakuambia mimi niliyekulea.

Kuhusu lile jambo, nimekuelewa.

Acha nikuchekeshe. Unajua ninavyoshona sare. Mshono wa begani naushona kwa uzi mmoja, tena mwembamba, kwa makusudi. Watoto wanavutana, na mtoto akivutwa shati, nataka mshono uachie kabla hajakabwa shingo. Shati nitalishona tena. Hata mashati yako ya safari nimeyashona hivyo hivyo, maana mkono wangu ukishazoea kitu haubanduki. Basi nikayashona makoti ya judo kwa mtindo huo. Nikayatia vifungo na mfuko wa kalamu, nikayapiga pasi, nikayapeleka kwa mbwembwe. Mwalimu akayageuza geuza, akanishukuru kwa heshima zote, akawavisha watoto. Akasema, "Haya, shikaneni."

Wakashikana. Mdogo wangu, ulisikika mlio mmoja tu, kraaa, ukumbi mzima! Kila mtoto alibaki na mkono wa koti la mwenzake kiganjani, na vifungo vinabingirika chini ya meza. Nilitamani sakafu inimeze. Mwalimu alijikaza, akashindwa, akaketi godoroni akacheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha akaja kunishika mikono, akasema hakuna aliyewahi kumshonea kitu kizuri namna ile. Na alimaanisha, mtu yule hana kejeli.

Kumbe kwenye judo koti ndilo la kushikia. Mkono mmoja kwenye ukosi wa mwenzako, mwingine kwenye mkono wa koti lake, na likichanika mtu anaumia. Ikabidi nikae pale jioni nyingi nitazame nguvu inaelekea wapi ili nishone upya. Nimejifunza mambo. Kitu cha kwanza wanachofundishwa ni kuanguka, kidevu kifuani, kiganja kipige godoro. Halafu kuna sheria ambayo mwalimu anairudia mpaka nimeanza kuiota. Ukimwangusha mwenzako, usiuachie mkono wa koti lake. Unamshikilia mpaka afike chini, kichwa chake kisigonge. Na aliyeangushwa anainuka, anainama, anamshukuru aliyemwangusha. Mara ya kwanza nilidhani wanataniana. Juzi mtoto wa fundi viatu alimkamata ukosi kwa nguvu, akamwangusha vizuri sana, naye akainuka, akainama, akasema asante kwa sauti ambayo sijaisikia mwaka mzima. Nilitoka nje kidogo kupunga upepo.

Hebu niambie, kitambaa cha ovaroli zenu mnakipata wapi? Ile ya zamani uliyoiacha nyuma ya mlango haichaniki hata kwa meno.

Dada yako anayekupenda

21 Aprili

Dada, shikamoo.

Nitakuwa mfupi, lori linaondoka. Huku wazima. Mpishi ametia chumvi kwenye chai tena, na tumekubaliana kusema ni bahati mbaya.

Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Umeandika kwamba mtoto wa fundi viatu alimkamata ukosi, naye akainuka akasema asante. Naye nani? Ni mtoto gani huyo ambaye wewe umekuwa ukiisubiri sauti yake mwaka mzima? Na ovaroli yangu imefanywa nini?

Nilisema hapana. Wewe ni mkubwa wangu, umenilea, siwezi kukukaripia. Lakini yule ni mwanangu. Bweni kuna nafasi muhula ujao, nimeshazungumza na mkuu wangu wa kazi. Mfungashie vitu vyake.

Mdogo wako

Naongeza neno, dereva anapiga honi. Umesema alikamatwa ukosi. Hakuruka?

18 Mei

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu, na asante kwa barua yako, hata kama uliiandika umenuna. Afya zetu nzuri. Ndoo bado iko pale. Swali lako la mwisho nitalijibu mwisho.

Ndiyo, ni yeye. Nilimwingiza mimi. Sikukudanganya. Nilikuandikia kwamba nimekuelewa, na nilikuelewa kweli. Sikusema nimekutii.

Makoti ya wenzake niliyashona upya kwa turubai. La kwake alilileta mwenyewe. Alikuja na ovaroli yako ameikumbatia, akasema, "Shangazi, hii ya baba haichaniki. Nikatie." Nikaikata. Wote wamevaa ya rangi ya mchanga, yeye la bluu, unamwona tangu mlangoni.

Sitaki ufikiri nimelewa sifa za judo. Huyo mtoto wa fundi viatu alivimba kichwa, akaanza kuwakwatua wadogo miguu uwanjani ili wenzake wacheke. Mwalimu alimvua koti mbele ya darasa, na hadi leo kazi yake ni kutandika magodoro na kuyaondoa. Anazidi kununa, sijui kama atabadilika. Kwa hiyo wanaonong'ona hawajakosea kila kitu. Mtoto ukimpa nguvu lazima ukae naye karibu, na mwalimu ana macho mawili tu.

Sasa vuta kiti ukae.

Wiki mbili zilizopita, mapumziko ya asubuhi, binti wa mwenye duka la dawa alimfuata Kibiriti bombani. Ni mtoto mwenye mdomo, na ukimwona baba yake utajua alikoutoa. Akamwambia kwamba mama yake aliamua kufa ili asimwone anavyojifanya mwanamume. Kisha akamsukuma. Kibiriti akamshika ukosi, akamshika mkono wa sweta, akamwangusha. Pale pale kwenye saruji.

Niliitwa, nikafika ofisini kwa mkuu wa shule na tepu ya kupimia ikining'inia shingoni na pini mdomoni. Nakuambia ukweli, njiani nilikuwa nimeanza kukufungashia hivyo vitu vyake. Mwenye duka la dawa alikuwa ameshafika, anagonga meza.

"Binti yangu kaangushwa kwenye saruji! Hii ni shule au uwanja wa masumbwi? Sharti si lilikuwepo? Basi lifuatwe!"

Mkuu wa shule alikuwa anafunua faili la Kibiriti. Mwalimu wa michezo hakujitetea. Alichuchumaa mbele ya yule binti, akamuuliza anaumia wapi. Binti akaonyesha kiwiko.

"Hapa tu," akasema. "Alinivuta hapa."

"Alikuvuta kwa nini?"

"Nisigonge kichwa. Hakuniachia mpaka nikalala." Kisha, kwa sauti ndogo, "Nilikuwa nimemtukania mama yake."

Baba yake akaacha kugonga meza. Akamsogeza karibu, akampapasa kichwa chote kwa vidole, taratibu, kama anavyofanya mtu wa dawa, akitafuta uvimbe. Hakuupata. Akakaa. Namshukuru Mungu kwa baridi ya asubuhi ile, maana chini ya sweta lilikuwa shati nililolishona mimi, na mshono wangu unaujua.

Mkuu wa shule alisema sharti lilihusu kupiga, na kama mtoto anaangusha huku anamlinda anayeanguka, yeye hajui aliite nini, lakini kupiga hawezi kuliita. Kibiriti anabaki shule. Ila mwalimu hakumwachia hivi hivi. Kuangusha nje ya godoro ni mwiko kwake, na saruji ni saruji. Alimweka benchi mwezi mzima. Atakuja kila jioni, atakaa, atatazama wenzake, atakunja makoti. Nikajua sasa ndipo atakapolipuka. Hakulipuka. Aliinama, akasema asante. Njiani nilimuuliza anashukuru nini, wakati ameadhibiwa. Akaniambia, "Shangazi, angeweza kunivua koti."

Yule binti mwenye mdomo juzi amekuja kupimwa koti. Nimemshonea kwa uzi mara mbili, mabegani mara tatu.

Sasa swali lako. Siku ya kwanza aliposhikwa alikakamaa mwili mzima. Mwalimu akamwambia, "Ukitaka akuachie sema basi. Ataachia hapo hapo." Akasema basi. Akaachiwa. Akashikwa tena, akasema basi, akaachiwa. Nadhani alikuwa anajaribu kama ni kweli. Jioni ile yote ilikwenda hivyo, na yule mwalimu hakuchoka wala hakuangalia saa. Kesho yake alisema basi mara chache. Halafu hakusema tena. Hapana, mdogo wangu, haruki. Jumapili alikuja akakaa sakafuni mbele ya kiti changu, akanipa kitana. Nywele zenyewe fupi, nilisuka vibaya, macho yangu hayakuona sawasawa, na taa yako haikuwa na kosa lolote. Kila siku nikimpitia mwalimu yule nataka kumwambia kitu, naishia kumuuliza kama magodoro yanahitaji kushonwa.

Na mimi nina swali. Likizo yako ni lini? Mwaka wa pili huu unaniambia hawajapanga. Nilikuwepo makaburini. Niliona ulivyomfungulia mikono, na nilimwona akirudi nyuma. Hakukukataa wewe peke yako. Alikuwa anatukataa wote, ila wewe ndiye uliyekuwa karibu.

Njoo umwone. Ukishamwona, ukitaka aende bweni, nitamfungashia mwenyewe na sitatia neno.

Dada yako

4 Julai

Dada yangu,

Shikamoo, na asante. Naanza na asante kwa sababu nikiiacha mwisho nitaona haya.

Nimefika kambini salama. Mwendesha kreni amenipokea kwa furaha, anasema alikosa mtu wa kumwamsha. Mpishi amehamishwa, chai sasa ni chai. Paa nililoliziba, kama linavuja, tafadhali usiniambie. Ile nafasi ya bweni nimemwambia mkuu wangu wa kazi ampe mtu mwingine, na likizo ya Desemba nimeshaiomba. Wameipanga. Walikuwa tayari kuipanga wakati wote, mimi ndiye nilikuwa sijaomba. Ulilijua hilo, na ulininyamazia mpaka pale uliposhindwa. Nashukuru kwa kuninyamazia, na nashukuru kwa kushindwa.

Siku ya kwanza ya likizo yangu hapo nyumbani unaijua, ulikuwepo, ulicheka mpaka ukaegemea mlango. Yeye kaniinamia pale kizingitini, na mimi sikujua nifanye nini, nikainama na begi kichwani. Usiku ule nililala nikijiambia kwamba kuinamiwa kunatosha. Nisitake zaidi.

Siku ya pili uliaga kwamba unapeleka sare kwa mteja. Dada, kapu lilikuwa tupu. Nilikuona. Kwa hiyo hujui kilichotokea, na yeye najua hakukuambia, maana si msemaji. Nakuambia mimi.

Nilikuwa nimekaa chumba cha cherehani. Akaingia na magodoro mawili, anayaburuta, akiwa amevaa lile koti la bluu. Akasema, "Baba, simama."

Nikamwambia, "Mimi mzito, mama. Utaumia."

"Wewe simama tu."

Nikasimama. Akanifundisha kuanguka kwanza. Kidevu kifuani, kiganja kipige. Alinifanya nirudie, akawa ananikosoa kwa kutikisa kichwa, kichwa cha mama yake kabisa. Kisha akasogea. Akanyoosha mkono, akanishika ukosi wa shati. Miezi yote ile, Dada, na sasa vidole vyake viko chini ya koo langu. Mimi ndiye niliyetaka kuruka. Akanitazama usoni, akasema, "Ukitaka nikuachie, sema basi."

Sikusema.

Nikatazama chini nisije nikalia mbele yake, na hapo nikaliona tundu la cheche, karibu na ukosi wa koti lake. Nilichomelea bila aproni siku niliyopewa habari kwamba mama yake amezidiwa, niliiacha mashine inawaka nikakimbia. Nilikuwa nimesahau. Matundu mengine yote umeyaziba, hilo halijazibwa. Akaona ninaliangalia. Akasema, "Shangazi alitaka kuliziba. Nilikataa."

Ndipo akaniangusha. Sijui alifanyaje. Mguu wake ulipita nyuma ya wangu, na dari ikageuka. Na Dada, nilikuwa nimevaa shati la safari, lile la kijivu ulilonishonea wewe. Nikiwa bado hewani nikasikia kraaa. Mkono wa shati wote umetoka kuanzia begani. Nikajua sasa kichwa changu kinakwenda kugonga mguu wa cherehani.

Hakikugonga. Nilipofungua macho nilikuwa nimelala chali, kile kitambaa kimeanguka kando, na mwanangu amenikamata mkono wenyewe, mkono mtupu, kwa mikono yake miwili, ameukumbatia kifuani. Anahema. "Umeumia?" akauliza. Nikasema sijaumia. Nikamshukuru, kama sheria inavyotaka. Sikuinuka kwanza, na yeye hakuniambia niinuke. Tulikaa vile mpaka tukasikia ukikohoa nje ya mlango.

Shati nimelileta huku vivyo hivyo, bila mkono mmoja. Usiniambie nikutumie ulishone. Mshono wako uliachia, Dada. Yeye hakuniachia.

Mdogo wako